Tembe za Homoni na Moyo wa Mama Aliyekoma Hedhi

Leo nazungumza hasa na akina mama wa miaka 45 kwenda juu. Lakini akina baba msizime redio, maana habari hizi zinawahusu wake zenu, dada zenu na mama zenu.

Swali letu la leo limewasumbua madaktari kwa miaka mingi. Mwanamke aliyekoma hedhi akipewa tena zile homoni ambazo mwili wake umeacha kuzitengeneza, je, moyo wake utapata kinga? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka 2002 likageuka likawa hapana, tena hapana ya kutisha. Leo jibu limetulia mahali pa katikati, na ni lazima tulifafanue, kwa sababu kliniki nakutana na makosa ya pande zote mbili. Kuna mama wa miaka 50 ambaye halali usiku kwa jasho, naye anaogopa hata kuuliza kama kuna matibabu, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba homoni zinaua. Na kuna mama wa miaka 66 aliyeletewa tembe na binti yake kutoka ng'ambo, akaambiwa ameze kila siku ili moyo usizeeke. Wa kwanza anateseka bure. Wa pili anaweza kudhurika.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwanamke ana ovari mbili, na ovari hizo ndizo zinazotengeneza homoni iitwayo estrojeni. Mama akikaribia miaka 50, ovari huanza kupunguza kazi. Hedhi huja ikiruka, mwezi huu ipo, mwezi ujao haipo. Ikikosekana miezi 12 mfululizo bila sababu nyingine, tunasema mama amekoma hedhi. Wengine hupita hapo bila shida. Wengine hushikwa na joto la ghafla linalopanda kifuani mpaka usoni, jasho la usiku, usingizi kukatika, na ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liwe la maumivu. Hilo la mwisho akina mama hawalisemi mpaka uwaulize, na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Estrojeni haifanyi kazi kwenye uzazi peke yake. Huifanya mishipa ya damu iwe laini na iweze kutanuka, na hupunguza yale mafuta mabaya katika damu. Madaktari waliona kwamba kabla ya miaka 50 wanawake hupatwa na mshtuko wa moyo mara chache kuliko wanaume, lakini hedhi ikishakoma pengo hilo huanza kuzibwa. Duniani kote leo, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua wanawake wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Kwa hiyo wazo lilikuja lenyewe: kama estrojeni ikiondoka moyo unaharibika, basi tuirudishe.

Dawa ilikuwepo. Marekani iliidhinisha tembe za Premarin mwaka 1942, na estrojeni yake ilitolewa katika mkojo wa farasi jike wenye mimba. Ndiyo, umesikia vizuri, mkojo wa farasi. Mwaka 1975 watafiti waligundua kwamba mwanamke mwenye mji wa mimba akitumia estrojeni peke yake, utando wa ndani ya mji wa mimba hunenepa na unaweza kuleta saratani. Ndiyo maana mwanamke ambaye hajaondolewa mji wa mimba huongezewa homoni ya pili, projestini, ya kuuzuia utando huo. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa kuhusu moyo, sisi wauguzi tuna sehemu yetu katika hadithi hii. Mwaka 1976 kulianzishwa Marekani utafiti uliowafuata wauguzi wanawake zaidi ya 120,000. Kila baada ya miaka 2 walijaza maswali na kuyarudisha kwa posta: unatumia dawa gani, unavuta sigara, umeugua nini. Miaka ilivyopita ikaonekana kwamba waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi cha nusu tu ya wale wasiotumia. Nusu! Madaktari wengi hawakungoja zaidi. Wakaanza kuwaandikia wanawake homoni, hata wale ambao hawakuwa na joto wala jasho, kwa ajili ya moyo tu.

Hapa ndipo pa kusikiliza kwa makini. Fikiria kliniki ya watoto. Kuna akina mama ambao huja na kadi ya mtoto imefunikwa vizuri kwa plastiki, haina hata alama ya uji. Ukiwafuatilia, utaona watoto wao wana afya nzuri kuliko wale wenye kadi zilizochanika. Je, ni plastiki iliyowapa afya? La. Mama anayefunika kadi ndiye yule yule asiyekosa chanjo, na mara nyingi ndiye mwenye nafuu kidogo nyumbani. Hata kwa homoni, wanawake waliozitumia Marekani walikuwa, kwa wastani, wenye kipato kizuri zaidi, wanaoonana na daktari mara kwa mara, wembamba zaidi, wasiovuta sana sigara. Miyoyo yao ingekuwa salama zaidi hata bila tembe. Kuangalia tu hakuwezi kutenganisha mambo hayo.

Njia ya kuyatenganisha ni kura. Unachukua wanawake waliokubali, unapiga kura, nusu wanapewa dawa na nusu wanapewa tembe zinazofanana kabisa lakini hazina dawa ndani. Mwanamke mwenyewe hajui ameangukia upande gani, na daktari wake pia hajui. Kura haichagui tajiri wala maskini.

Jaribio kubwa la kwanza la namna hiyo kuhusu moyo lilitoa matokeo mwaka 1998. Liliitwa HERS, na lilikuwa na wanawake 2,763 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, umri wao kwa wastani kama miaka 67. Baada ya miaka 4 hivi, waliomeza homoni hawakuwa na nafuu yoyote juu ya wale wengine. Na katika mwaka wa kwanza, waliomeza homoni ndio waliopatwa na matatizo ya moyo zaidi. Watu wengine walisema, hao walikuwa wagonjwa tayari, tungoje utafiti wa wanawake wenye afya.

Utafiti huo ulikuwa unaendelea. Jina lake ni Women's Health Initiative, uligharimiwa na serikali ya Marekani na ulifanyika katika vituo 40. Upande wa homoni mbili pamoja ulikuwa na wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79. Ulipangwa uendelee zaidi ya miaka 8. Julai 2002, baada ya miaka 5 na kidogo, ukasimamishwa, kwa kuwa madhara yalikuwa yamezidi faida.

Magazeti na televisheni yakatangaza kwamba homoni zinaongeza ugonjwa wa moyo kwa asilimia 29, kiharusi kwa asilimia 41 na saratani ya matiti kwa asilimia 26. Hesabu hizo zilikuwa za kweli, lakini asilimia peke yake inaweza kumtisha mtu kuliko inavyostahili. Hebu tuzipige kwa vichwa vya watu. Chukua wanawake 10,000 wasiotumia homoni, uwaangalie kwa mwaka mmoja. Katika utafiti huo, 30 kati yao walipatwa na mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa 10,000 waliotumia homoni, walikuwa 37. Yaani wameongezeka 7 katika 10,000. Kiharusi, kutoka 21 hadi 29. Damu iliyoganda na kwenda mapafuni, kutoka 8 hadi 16. Saratani ya matiti, kutoka 30 hadi 38. Upande wa faida, waliovunjika nyonga walipungua kutoka 15 hadi 10, na saratani ya utumbo mpana kutoka 16 hadi 10.

Kwa hiyo kwa mwanamke mmoja mmoja, hatari ilikuwa ndogo. Mbona basi utafiti ukasimamishwa? Kwa sababu dawa hii ilikuwa inapewa watu wazima wasioumwa, ili kuwakinga. Dawa ya kinga ambayo inaongeza kile unachokikinga haifai, hata ikiongeza kidogo. Na 7 katika 10,000, ukiwa na wanawake mamilioni wanaomeza kwa miaka mingi, hao si wachache tena. Mimi naona waliosimamisha walifanya sawa. Ila namna habari ilivyotangazwa iliwaumiza wanawake wengine ambao hawakupaswa kuguswa nayo kabisa. Wanawake wengi mno, Marekani na Ulaya, walitupa tembe zao, na madaktari wengi wakaacha kuziandika. Hofu hiyo ilivuka bahari mpaka kwetu, ambako hata waliokuwa wakitumia homoni hizo ni wachache sana.

Sasa angalieni umri. Wanawake wa utafiti ule walikuwa na wastani wa miaka 63, na theluthi mbili yao walikuwa wamepita 60. Wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Lakini mwanamke anayekuja kliniki akilia kwa joto na jasho huwa na miaka 48, 50, 53. Je, matokeo ya nyanya wa miaka 72 yanamhusu sawasawa?

Watafiti wale wale walirudi kwenye hesabu zao, na mwaka 2007 wakazigawa kwa miaka tangu hedhi ikome. Kwa wanawake ambao hawajafikisha miaka 10 tangu wakome, waliotumia homoni walipungukiwa na matatizo ya moyo 6 katika 10,000 kwa mwaka. Waliokoma miaka 10 hadi 19 iliyopita, yaliongezeka 4. Waliopitisha miaka 20, yaliongezeka 17. Ile 6 ya mwanzo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo usiichukue kama ahadi ya kinga. Lakini mwelekeo unaonekana: kadiri unavyochelewa kuanza, ndivyo unavyokaribia hatari. Kiharusi hakikufuata mwelekeo huo.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria bati la nyumba. Ukilipaka rangi likiwa jipya, rangi inashika na kutu inachelewa. Ukingoja mpaka kutu imelitoboa, rangi haitasaidia kitu, na ukilipanda kulipaka unaweza hata kulivunja. Mshipa wa mwanamke aliyekoma hedhi jana bado ni laini. Mshipa wa miaka 70 mara nyingi una mafuta yaliyogandamana ukutani, na homoni inaweza kuyafanya yabanduke. Tena estrojeni ya kumeza hupitia kwenye ini, na ini huongeza vitu vya kugandisha damu. Kipande kilichobanduka pamoja na damu inayoganda upesi, huo ndio mshtuko wa moyo.

Wazo hilo lilipimwa Marekani katika utafiti uitwao ELITE, uliotoka mwaka 2016. Wanawake 643 walipewa estrojeni au tembe zisizo na dawa, na unene wa ukuta wa mshipa wa shingo ukapimwa kwa miaka kama 5. Kwa walioanza kabla ya miaka 6 tangu wakome hedhi, homoni ilipunguza kasi ya mshipa kunenepa. Kwa walioanza baada ya miaka 10, haikuleta tofauti. Ni habari nzuri, lakini kumbukeni kilichopimwa ni unene wa mshipa, si idadi ya waliopatwa na mshtuko wa moyo.

Kuna kundi jingine tusilisahau, wanawake walioondolewa mji wa mimba, ambao hutumia estrojeni peke yake. Utafiti ule mkubwa ulikuwa na wanawake 10,739 wa namna hiyo, na sehemu yao ilisimamishwa mwaka 2004. Kiharusi kiliongezeka, ugonjwa wa moyo haukuongezeka wala kupungua, na saratani ya matiti haikuongezeka. Walipoendelea kufuatiliwa miaka ya baadaye ilionekana hata imepungua. Kwa hiyo mtu akikwambia "homoni", muulize homoni gani, ya nani, na ya umri gani.

Na vifo je? Mwaka 2017 watafiti walitoa hesabu ya wanawake wote 27,347 wa sehemu hizo mbili, baada ya miaka 18 hivi. Waliotumia homoni na wasiotumia walikufa kwa kiwango sawa. Hazikuwaua, na hazikuwarefushia maisha.

Makubaliano ya wataalamu leo ni haya. Mama asiye na miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, mwenye joto na jasho la kumkosesha raha, na asiye na kizuizi, anaweza kutumia homoni kwa ushauri wa daktari, na kwake faida kwa kawaida huzidi hatari. Kuanza ukiwa na miaka 60 na zaidi hakushauriwi. Na hakuna anayeshauriwa kuzimeza kwa ajili ya kukinga moyo tu. Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba lile onyo kali la moyo na saratani ya matiti, lililokuwa limeandikwa kwenye pakiti za dawa hizi tangu miaka ile, litaondolewa. Msisikie hilo mkadhani sasa ni dawa ya moyo. Si dawa ya moyo.

Vizuizi ni hivi: kama umewahi kuwa na saratani ya matiti, mshtuko wa moyo, kiharusi, au damu kuganda mguuni au mapafuni, au kama una ugonjwa wa ini, homoni za kumeza si zako. Vile vile mama anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana. Na hapa nasisitiza: umekaa mwaka mzima bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone moja, usifurahi kwamba ujana umerudi. Nenda hospitali juma hilo hilo, upimwe saratani.

Wale waliokoma mapema, kabla ya miaka 40, au walioondolewa ovari zote mbili wakiwa vijana, wao ni habari tofauti kabisa. Miyoyo yao na mifupa yao imekosa estrojeni kabla ya wakati. Kama hakuna kizuizi, hushauriwa watumie homoni mpaka karibu na umri ambao wangekoma kwa kawaida, kama miaka 50 hivi. Kama wewe ni mmoja wao na hukuambiwa hivyo ulipofanyiwa upasuaji, rudi ukaulize.

Basi moyo tuukinge na nini? Kwa yale yasiyopendeza kusikia kwa sababu mmeyasikia mara nyingi. Presha kwanza. Presha haina maumivu, na ndiyo inayoleta kiharusi kwa mama zetu. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba yao mwaka 2023 wana mashine ya kupimia. Akipita kwako, vua sweta, kaa utulie, upimwe. Ukiwa 140 juu au 90 chini, kwa kupimwa siku tofauti, unahitaji kuonana na daktari. Ukianzishiwa dawa usiache kwa sababu unajisikia vizuri; unajisikia vizuri kwa sababu unameza. Pima na sukari. Chumvi, kijiko kimoja kidogo cha chai, kisichojaa mlima, kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyo ndani ya mkate na vitafunio vya dukani. Sigara uache, na ugoro pia. Kutembea, jumla ya dakika 150 kwa juma. Najua wengine mtaniambia, sista, mimi nachota maji na kulima kila siku. Hewala, hiyo inahesabiwa. Nasema na wale waliohamia mjini kwa watoto wao, wanaoshinda kwenye kiti.

Na mshtuko wa moyo kwa mwanamke mara nyingine hauji na maumivu makali ya kifua kama ya sinema. Unaweza kuja kama uchovu wa ajabu, kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho baridi, maumivu ya mgongo, shingo au taya. Mama husema ni gesi, akanywa magadi, akalala. Tafuta gari mara moja.

Nimalizie na maswali mliyotuma kwa ujumbe mfupi. Wa kwanza anauliza kama sindano au vidonge vya kupanga uzazi ni kitu kimoja na homoni hizi. La, aina na vipimo ni tofauti, usibadilishane na jirani. Wa pili ameona sokoni unga wa mizizi unaouzwa kwa jina la kurudisha homoni na kusafisha moyo. Unga ambao haujaandikwa una nini na kiasi gani, mimi siwezi kukuruhusu uumeze, hasa kama uko kwenye dawa za presha. Wa tatu ana ukavu tu, hana joto wala jasho. Kwako kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa kipimo kidogo. Inayoingia katika damu ni kidogo mno, na haina ile hesabu tuliyoipiga leo. Muulize daktari au muuguzi wako kwa jina lake, bila aibu.

Wa nne ndiye mama wa miaka 66, na nimempa jibu lake kliniki uso kwa uso: asiendelee na tembe zile, aje na pakiti yenyewe tuisome pamoja, na presha yake ipimwe siku hiyo hiyo. Alikuja. Ilikuwa 168 juu ya 98. Sasa yuko kwenye dawa ya presha, na binti yake ametuma mashine ya kupimia badala ya tembe.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu mifupa kuwa myepesi. Mimi ni muuguzi wenu. Kwaherini.